SPF, DKIM na DMARC kwa wanaotuma majarida ya imeili: maswali mnayoniuliza kila wiki

Nasaidia vyama vya ushirika, shule na vikundi vidogo kutuma majarida yao kwa imeili, na maswali haya yananifikia WhatsApp karibu kila wiki, mengine saa tano usiku mtu kashakwama kabisa. Nimeyaweka hapa na majibu yake kama ninavyojibu kwenye simu. Kila ukiona jinalako.co.tz, weka domeini yako, yaani jina lako la mtandao.

Watu wamejiandikisha wenyewe, jarida ni zuri, mbona linaangukia spamu?

Kwa sababu seva inayopokea haijui kama kweli ni wewe. Imeili tangu inaundwa ni kama bahasha ya posta, unaweza kuandika nyuma yake jina la mtu yeyote na hakuna atakayekuuliza kitambulisho, na matapeli wameutumia huo mwanya miaka na miaka. Sasa Gmail, Yahoo na Outlook wanataka uthibitisho, na uthibitisho unakaa kwenye DNS ya domeini yako, yaani daftari la wazi la rekodi za domeini, manake pale anaandika mwenye domeini tu. Rekodi ziko tatu. SPF inataja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM ni sahihi inayobandikwa kwenye kila imeili inayotoka, na DMARC ndo inaziunganisha hizo mbili na lile jina analoliona msomaji, halafu inasema kifanyike nini zikifeli.

Nianzie wapi kabla sijagusa kitu?

Vitu viwili. Kwanza jua DNS yako inasimamiwa wapi, na hapa ndo wengi wanapotea, domeini kanunua sehemu moja, hosting (seva inayobeba tovuti) iko kwingine, nameserver (seva zinazojibu maswali ya DNS) zimeelekezwa Cloudflare, halafu mtu anahangaika siku mbili kuweka rekodi kwenye cPanel (paneli ya hosting) ambayo hakuna anayeisoma. Angalia nameserver kwanza. Kwenye kompyuta andika `nslookup -type=ns jinalako.co.tz`, jibu litakuonyesha rekodi zinasomwa kutoka wapi.

Pili, chukua karatasi uandike kila kitu kinachotuma imeili kwa jina la domeini yako. Kila kitu. Imeili za ofisi, huduma ya jarida, tovuti inayotuma fomu za mawasiliano, mfumo wa ada au wa risiti, printa inayoskani na kutuma. Chama kimoja nilichokisaidia walisahau mfumo wa risiti, tukakaza DMARC, wanachama wakakaa wiki nzima bila kupata risiti zao za michango. Iliniuma sana ile, manake karatasi moja tu ingetuokoa.

Domeini kaisajili kijana aliyetutengenezea tovuti na sasa hapatikani, tufanyeje?

Hili tatizo ni kubwa kuliko SPF yenyewe. Tafuta domeini kwenye whois, yaani daftari la wazi la waliosajili domeini, ya .tz au ya .ke, utaona msajili ni kampuni gani, kisha wapelekee nyaraka za taasisi yenu muombe umiliki uandikwe kwa jina la taasisi. Msiendelee na hatua yoyote ya chini kabla hamjaishika domeini mkononi, kwa sababu siku ikiisha muda na hakuna wa kuilipia, rekodi zote zinaondoka nayo.

SPF inaandikwaje?

Ni mstari mmoja wa TXT (rekodi ya DNS inayobeba maandishi) kwenye jina la domeini yenyewe, kwenye paneli nyingi sehemu ya jina unaweka @. Kama imeili za ofisi ziko Google Workspace mstari ni huu:

`v=spf1 include:_spf.google.com ~all`

Hapo `include` inasema soma pia orodha ya seva za huduma hiyo, na `~all` inasema nyingine zote zitiliwe shaka. Kama na seva ya tovuti yako nayo inatuma, unaongeza IP yake (namba ya seva kwenye mtandao), kwa mfano `ip4:192.0.2.10`, kabla ya ile `~all`. Basi.

Nimekuta kuna SPF mbili, niache zote?

Hapana! Domeini moja SPF moja. Zikiwa mbili seva inayopokea haichagui iliyo bora, inatoa kosa la kudumu na ni kama huna SPF kabisa. Hii ndo kasoro ninayoikuta mara nyingi kuliko zote: hosting iliweka ya kwake siku ya kwanza, halafu mtu akajiunga na huduma ya jarida, akaambiwa weka SPF, akaongeza ya pili pembeni. Unatakiwa uziunganishe ziwe mstari mmoja, `v=spf1` inaandikwa mara moja mwanzo, include zote zinafuatana, `all` inakuja mara moja mwisho.

Ni kweli kuna kikomo cha 10?

Kweli, na kiko kwenye kanuni yenyewe, RFC 7208 ya mwaka 2014. Seva inapoisoma SPF yako hairuhusiwi kuuliza DNS zaidi ya mara 10. Kila `include`, `a`, `mx`, `exists` na `redirect` inahesabiwa, na zile zilizo ndani ya include nazo zinahesabiwa, kwa hiyo unaweza ukaona nne tu kwenye mstari wako kumbe ukifungua ndani ni 12. `ip4` na `ip6` hazihesabiwi. Ukizidisha unapata kosa lilelile la kudumu. Dawa ni kufuta include za huduma ulizoacha kutumia zamani, na kuondoa zile ambazo hazikuwa na kazi tangu mwanzo. Nitazielezea huko chini kwenye swali la DMARC kufeli wakati SPF na DKIM zinapita.

Niweke ~all au -all?

Kama unatuma jarida na una DMARC, `~all` inatosha. `-all`, inayosema nyingine zote zikataliwe, inaweza kufanya baadhi ya seva zikatae imeili mlangoni kabla hata ya kuangalia DKIM, na hapo hata imeili yako halali iliyofowadiwa inapotea. Ila usiweke `+all` kamwe, hiyo ni kuiambia dunia nzima kwamba yeyote anaruhusiwa kutuma kwa jina lako.

Na DKIM?

DKIM ndo ninayoipa uzito mkubwa kwa mtu wa jarida. Huduma yako ina ufunguo wa siri, inasaini kila imeili inapotoka, we unaweka ufunguo wa wazi kwenye DNS, anayepokea anauchukua na kuhakiki kwamba imeili haijachezewa njiani na kwamba kweli mwenye domeini kairuhusu. Uzuri wake inasafiri na barua. Msomaji akiwa na anwani ya kazini inayojifowadi kwenda Gmail, SPF inafeli kwa sababu sasa anayeonekana kutuma ni seva ya ofisini kwao, ila sahihi ya DKIM inabaki nzima mradi hakuna aliyegusa maneno. Akigusa mtu, tuseme mfumo unaoongeza mstari wa tahadhari chini ya kila barua baada ya kusaini, sahihi inavunjika.

Rekodi yake inakaa kwenye jina lenye selekta (alama inayotofautisha ufunguo mmoja na mwingine), kwa mfano `google._domainkey` kwa Google Workspace. Huduma nyingi za majarida hazikupi ufunguo mrefu, zinakupa CNAME (rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina lingine) mbili au tatu, Amazon SES ya kawaida inatoa tatu, na hii mi naipenda zaidi kwa sababu wakibadilisha ufunguo wao huna haja ya kurudi kwenye DNS. Ukipewa uchague ukubwa, chukua biti 2048.

Nimepesti ufunguo wa DKIM bado inasema haionekani!

Kuna mambo matatu, yaangalie kwa mpangilio huu.

Jina limejirudia. cPanel na paneli nyingine zinaongeza domeini zenyewe mwishoni, kwa hiyo ukiandika jina lote unaweza kuishia na `k2._domainkey.jinalako.co.tz.jinalako.co.tz`. Baada ya kuhifadhi soma jina lilivyokaa, sio ulivyoandika.

Ufunguo umekatwa. Kipande kimoja cha TXT hakizidi herufi 255, na ufunguo wa 2048 ni mrefu kuliko hapo, kwa hiyo lazima ugawanywe vipande ndani ya rekodi hiyohiyo moja. Paneli nzuri zinagawa zenyewe, nyingine zinakata kimyakimya. Angalia mwisho wa ufunguo, linganisha na ule uliopewa.

Na kama uko Cloudflare, CNAME za DKIM lazima ziwe na wingu la kijivu. Likiwa la chungwa Cloudflare inajibu kwa IP zake badala ya kuonyesha CNAME yako, na uhakiki hautapita hata usubiri mwezi.

Inachukua muda gani mpaka ionekane?

Watu wanaambiwa saa 48 wanakaa tu. Rekodi mpya kabisa mara nyingi inaonekana ndani ya dakika chache. Inayochelewa ni rekodi uliyoibadilisha, kwa sababu ile ya zamani imehifadhiwa huko nje mpaka TTL yake (muda wa kuhifadhiwa, kwa sekunde) iishe, TTL ya 14400 ni saa nne. Kama unajua kesho utabadilisha kitu, leo shusha TTL mpaka 300. Na kama rekodi mpya haijaonekana baada ya saa moja, usisubiri zaidi, kuna kosa, rudi kwenye swali la juu.

SPF inasema pass, DKIM inasema pass, DMARC inafeli. Inawezekanaje?

Hapa naomba tusomane taratibu, manake ukilielewa hili mengine yote yanakuwa mepesi.

Kwenye imeili ya jarida kuna majina matatu ya domeini, sio moja. La kwanza ni la "From", analoliona msomaji. La pili ni la Return-Path, anwani ambayo barua zilizoshindikana zinarudishwa, msomaji haioni, na SPF inahakiki hili, haiangalii From kabisa. La tatu ni lile lililoandikwa `d=` ndani ya sahihi ya DKIM. Sasa ukijiunga na huduma ya jarida na ukaanza kutuma bila kuweka chochote kwenye DNS, huduma inaweka Return-Path ya domeini yake, inasaini DKIM kwa domeini yake. SPF inapita, ndiyo, ya kwao. DKIM inapita, ndiyo, ya kwao. Wewe hujathibitishwa popote! DMARC inauliza swali moja tu: kati ya hizo zilizopita, kuna hata moja yenye domeini inayolandana na ile ya From? Hakuna, basi imefeli.

Kwa hiyo ukifungua imeili kwenye Gmail, ukabofya vidoti vitatu na kuchagua Show original, usiridhike na neno PASS. Soma domeini iliyo mbele yake. DKIM ikisema PASS na domeini ni ya kampuni ya jarida, kazi bado. Ikisema PASS na jinalako.co.tz, hapo umefika.

Inatosha moja ilandane, SPF au DKIM. Ndo maana kwa jarida nasema DKIM kwanza. Huduma nyingi zinabaki na Return-Path yao, kwa hiyo kuweka include yao kwenye SPF ya domeini yako kuu hakusaidii chochote, kunakula tu zile nafasi 10. Kama huduma inakuruhusu kuweka Return-Path yako, kwa kawaida subdomeini kama `bounce.jinalako.co.tz`, weka, utapata zote mbili.

Subdomeini inalandana na domeini mama kwa mpangilio wa kawaida, kwa hiyo `jarida.jinalako.co.tz` na `jinalako.co.tz` ni familia moja. Lakini `jinalako.co.tz` na `jinalako.or.tz` ni watu wawili tofauti hata kama we ndo mmiliki wa zote, na kila moja inahitaji rekodi zake.

DMARC naanza na nini?

Anza na hii, TXT kwenye jina `_dmarc`:

`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@jinalako.co.tz`

`p=none` maana yake usizuie kitu, niletee tu ripoti kwenye anwani iliyo kwenye `rua`. Kaa hapo wiki nne hivi, kama jarida lako linatoka mara moja kwa mwezi kaa mpaka yatoke matoleo mawili au matatu. Ukiona vyanzo vyako vyote vya halali vinapita, panda `p=quarantine`, inayopeleka zinazofeli kwenye spamu, halafu baadaye `p=reject`. Usiruke moja kwa moja reject kwa sababu umesikia ndo salama zaidi, utajifungia nje mwenyewe. Ila pia usibaki none maisha yako yote, none haimzuii tapeli anayewaandikia wanachama wako kwa jina lako akitaka watume hela.

Ripoti zimekuja, ni mafaili ya XML yaliyozipiwa, sielewi kitu.

Hazikuandikwa zisomwe na binadamu. Tumia programu ya kuzisoma, zipo za bure kwa domeini ndogo, inakupa jedwali la IP, idadi ya barua, imepita au imefeli. Unachotafuta ni IP unayoijua ambayo inafeli, hiyo ni mfumo wako uliousahau. IP za nchi usizozijua zinazofeli zote, mara nyingi hao ni watu wanaojifanya wewe, na ndo kazi ya reject.

Angalizo: ukiweka `rua` kwenye anwani ya domeini nyingine, ile domeini nyingine lazima iwe na rekodi inayokubali kupokea ripoti zako. Ndo maana ukiweka anwani yako ya Gmail ripoti haziji, mtu anadhani DMARC mbovu kumbe ni hilo. Tumia anwani ya domeini yako au ya huduma ya ripoti.

Siwezi tu kutuma jarida kutoka anwani yangu ya Gmail au Yahoo?

Kupitia huduma ya jarida, hapana. Domeini ya yahoo.com sio yako, huwezi kuweka DKIM kule. Yahoo waliweka `p=reject` tangu Aprili 2014, na imeili yoyote inayodai inatoka yahoo.com bila kupitia kwao inakataliwa popote pale DMARC inapoheshimiwa. Nunua domeini, hata kama huna tovuti.

Natuma watu 300 tu, hizi sheria za Google zinanihusu?

Zinakuhusu, ila sio zote. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanataka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na masharti mazito yanawaangukia wanaotuma kwa wingi, ambao kwa Gmail ni kuanzia barua kama 5000 kwa siku kwenda anwani za Gmail. Hao wanatakiwa wawe na SPF na DKIM na DMARC, angalau `p=none`, na domeini ya From ilandane. Subdomeini zote zinajumlishwa kwenye hiyo 5000, na ukishaivuka hata siku moja Google wanakuhesabu mtumaji wa wingi moja kwa moja. Outlook.com, Hotmail na Live nao wakaanza masharti yanayofanana tarehe 5 Mei 2025.

Ushauri wangu weka zote tatu hata kama uko na watu 50. Kazi ni ya saa moja, na orodha ikikua hutahangaika.

Na kitufe cha kujiondoa?

Kwa wanaotuma kwa wingi ni lazima kuwe na kujiondoa kwa mbofyo mmoja, yaani vichwa vya imeili viwe na `List-Unsubscribe` na `List-Unsubscribe-Post`, na ombi litekelezwe ndani ya siku mbili. Huduma kubwa za majarida zinaweka zenyewe. Kama unatuma kwa skripti yako mwenyewe, hakikisha sahihi ya DKIM inavifunika hivyo vichwa. Na tafadhali msimfiche mtu mlango wa kutoka, asipouona atabonyeza "spamu", na hiyo inakuumiza mara kumi zaidi ya kumpoteza msomaji mmoja.

Kila kitu kinapita na bado naangukia spamu.

Rekodi zinathibitisha wewe ni nani, hazisemi kama watu wanakutaka. Baada ya hapo Gmail wanaangalia wasomaji wanafanya nini na barua zako. Jiunge na Postmaster Tools ya Google, ni bure, uangalie kiwango cha malalamiko. Wanataka kibaki chini ya asilimia 0.1 na kisifike 0.3, yaani watu watatu katika kila elfu wakibonyeza spamu tayari uko pabaya.

Mara nyingi chanzo ni orodha. Anwani zilizokusanywa kwenye daftari la semina ya 2019, namba na imeili zilizonunuliwa, wanachama walioingizwa bila kuulizwa. Orodha ya kununua usiitumie hata kama ni bei chee, na pia Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania ina ya kwake ya 2022, kwa hiyo sio suala la spamu tu. Domeini mpya nayo isianze na barua elfu nne siku ya kwanza, anza na wasomaji wanaofungua kila mara, ongeza kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Nitumie domeini kuu au subdomeini kwa jarida?

Ukiwa mdogo domeini kuu inatosha. Ukianza kutuma maelfu, weka jarida kwenye `jarida.jinalako.co.tz`, ili siku toleo moja likizua malalamiko lisiburuze sana na imeili za ofisi. Haikukingi kabisa ila inasaidia.

Domeini nyingine ninazomiliki na sizitumii kwa imeili?

Zifunge. SPF `v=spf1 -all` na DMARC `v=DMARC1; p=reject`. Dakika tano tu, na tapeli hapati pa kujishikiza.

Nembo yetu itokee pembeni ya jina kwenye Gmail, inawezekana?

Hiyo ni BIMI, inataka DMARC iwe quarantine au reject kwanza, nembo ya SVG ya aina maalumu, na kwa Gmail unahitaji cheti cha kulipia kila mwaka. Kwa chama kidogo mi nasema hela hiyo ifanye kazi nyingine.

Tunahama huduma ya jarida mwezi ujao, mpangilio uweje?

Weka rekodi za DKIM za huduma mpya kabla hujatuma hata barua moja, zinaweza kukaa pamoja na za zamani bila kugombana kwa sababu selekta ni tofauti. Jitumie jaribio kwenye Gmail, Yahoo na Outlook, soma domeini kwenye kila PASS. Hamisha pia orodha ya waliojiondoa, hii inasahaulika sana na watu waliokwishasema basi wanaanza kupata barua upya. Halafu za zamani ziache wiki mbili hivi, barua zilizochelewa njiani bado zinahakikiwa kwa ufunguo ule, ndipo uzifute na uondoe include yao kwenye SPF.

Ukikwama nitumie matokeo ya Show original na majibu ya `nslookup -type=txt jinalako.co.tz` na `nslookup -type=txt _dmarc.jinalako.co.tz`, sio picha ya paneli. Paneli inaonyesha ulichoandika, mi nataka kuona dunia inasoma nini.